Kompyuta mpya ya Leicester na ya Mwanjelwa

Sisi tulio nje tukipiga simu nyumbani huwa wepesi wa kushauri. "Achaneni na mitumba, nunueni kitu kipya kikae." Maneno hayo nimeyasikia hata kwenye vikao vya Watanzania hapa Uingereza, mtu akiwasema wenye stesheneri wa Mbeya kana kwamba wanapenda kufanyia kazi kompyuta zilizofutika herufi kwenye kibodi. Mimi nina kiduka cha uchapishaji hapa Leicester, dada yangu ana stesheneri Mwanjelwa, Mbeya, na kazi zetu zinafanana: kadi za harusi, fotokopi, barua za maombi ya kazi. Manunuzi ya pande zote mbili nayajua. Shauri hilo linawaonea.

Huku nikinunua kompyuta mpya, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 20, lakini duka langu limesajiliwa, kwa hiyo hela hiyo inarudi. Kisha gharama nzima ya mashine naitoa kwenye faida mwaka huohuo kabla kodi haijapigwa. Sheria inaruhusu kufanya hivyo hadi pauni milioni moja kwa mwaka, kiasi ambacho duka kama langu haliwezi hata kukisogelea. Yaani sehemu ya bei ya mashine yangu inafutwa na kodi ambayo silipi.

Dada je? Asilimia 18 yake ya VAT ikishakwenda imekwenda. Tangu 2023 anayelazimika kusajiliwa VAT ni mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na stesheneri ya Mwanjelwa haifiki huko. Kodi yake ya mapato ni ya makadirio, inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Akitoa milioni mbili kununua kompyuta mpya, kodi haishuki hata shilingi. Mwenye kampuni inayotengeneza hesabu kamili angalau hutoa kwenye faida, kabla kodi haijapigwa, asilimia 37.5 ya thamani ya kompyuta mwaka wa kwanza, kisha asilimia hiyohiyo ya kinachobaki. Aliye mdogo kuliko wote ndiye anayelipa bei nzima, na bado tunamwambia hajui kununua.

Ila kodi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni garantii, na hapo ndipo roho huniuma.

Laptopu ya dukani kwangu iliwahi kuzima asubuhi ikagoma kuwaka. Nilikuwa nimelipia garantii ya kuhudumiwa hapohapo dukani. Nikapiga simu, wakaniuliza namba ya mashine, wakanipimisha vitu viwili vitatu. Kesho yake akaja kijana na mkoba, akaipindua mashine kwenye kaunta, akazipanga skrubu zote kwenye kisahani chenye sumaku, akatoa ubao mkuu wa ndani (motherboard) mzima akaweka mwingine. Mteja aliyekuja kuchukua kadi zake alimkuta anafunga. Sikulipa zaidi ya nilicholipa siku ya kununua.

Dada naye alinunua mpya, Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi hadi Mbeya. Garantii ya mwaka mmoja, imeandikwa, ina muhuri. Kibodi ilipokufa akaambiwa airudishe dukani. Dukani ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, nauli ya mzigo juu yake, na siku ya kurudi haijulikani. Wakati huo foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapa ripoti inahamia kwa jirani. Aliniambia, "Mdogo wangu, hicho kikaratasi kinanisaidia nini mimi huku?" Akaipeleka kwa fundi, ikapona, na kwa kuwa imefunguliwa, garantii ikafa. Sasa niambieni, hiyo mpya iliizidi nini ya mtumba?

Mafundi wetu wanastahili heshima yao hapa. Yule kijana wa Leicester alibadilisha ubao mzima. Fundi wa Mbeya anatafuta kijidude kimoja kilichoungua juu ya ubao, anakichomoa kwa hewa ya moto, anachomelea kingine. Mashine yangu garantii ikiisha, gharama ya fundi huku mara nyingi inakaribia bei ya kununua nyingine.

Na umeme. Volti ni zilezile 230, hata plagi ya pini tatu niliyonayo hapa inaingia ukutani Mwanjelwa bila adapta. Tofauti ni kwamba kwetu ukikatika, unaporudi unaweza kurudi na kishindo kinachoondoka na pawasaplai. Kwa hiyo anayehesabu bei ya kompyuta Mbeya lazima ahesabu na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na betri ya UPS nayo huchoka. Mimi huku hesabu hiyo siifanyi.

Ninawaomba pia wenzangu tunaotuma mashine. Tangu Microsoft walipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi ya huku yanatoa kompyuta kwa bei ya kutupa. Nyingi ni nzima lakini hazikidhi masharti ya Windows 11, ambayo kwa zenye prosesa ya Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Ukiona neno i7, ambalo ni jina la prosesa tu, usikimbilie, angalia kizazi. Usimbebeshe ndugu yako mzigo ambao ofisi ya Kiingereza imeukimbia.

Wanaouza kompyuta mpya Kariakoo wanajua fika kwamba mizigo yao inapanda basi kwenda Iringa, Makambako, Njombe, Mbeya hadi Tunduma. Hela ya Nyanda za Juu Kusini wanaipokea. Basi waingie mkataba na fundi mmoja Mbeya, wamwachie kibodi, chaja na vioo, na waandike jina la duka lake kwenye kile kikaratasi. Dada yangu yuko tayari kuongeza hela juu ya bei kwa ajili hiyo, na nimemwahidi kwamba nyongeza hiyo nitailipa mimi.