Nyonga inayobana kidogo: usiilazimishe, na usiharakie kisu

Mtu akishaambiwa nyonga yake inabana, mara nyingi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kujinyoosha kwa nguvu kila asubuhi, au kuulizia upasuaji. Kwa tatizo ambalo bado ni dogo, napinga yote mawili. La kwanza nalipinga zaidi, maana linaonekana halina madhara.

Kinachobana hapa ni mfupa. Kichwa cha fupa la paja kimekuwa na nundu pale kinapokutana na shingo yake, au ukingo wa kikombe cha nyonga umetokeza kupita kiasi. Wengine wana vyote viwili. Lala chali, vuta goti kifuani, kisha lisukume kuelekea bega la upande wa pili: nundu inagonga ukingo na kufinya gegedu, ile tishu nyororo ya kwenye kiungo. Ndiyo maana maumivu huja mbele, kinenani, unapoinama kufunga kamba za viatu au unaposhuka garini. Halafu mtu huyohuyo anaambiwa achuchumae mpaka chini kabisa na kutulia hapo "ili nyonga ifunguke". Mfupa haurefuki kwa kuvutwa! Anazidi kutonesha palepale panapouma.

Eksirei nayo isikutishe. Wapo wengi wenye nundu hiyo, hasa waliocheza sana michezo wakiwa bado wanakua, na hawajawahi kuumwa. Makubaliano ya wataalamu ya Warwick, Uingereza, ya mwaka 2016, yanataka mambo matatu yawepo pamoja ndipo mtu aambiwe ana tatizo hili: maumivu, dalili anazoziona mpimaji, na picha.

Mimi ningeanza na mazoezi ya nguvu kwa miezi mitatu kamili, chini ya fiziotherapisti. Misuli ya makalio kwanza, kisha tumbo. Kunyanyua kiuno ukiwa umelala chali, kutembea kiubavubavu ukiwa umefunga mkanda wa mpira wa mazoezi juu ya magoti, kuchuchumaa na kuishia kabla maumivu hayajaanza. Kiti kipandishwe, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Siti ya baiskeli vilevile.

Upasuaji una faida yake, sikatai. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 348, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofanyiwa upasuaji wa kamera walikuwa na hali bora kuliko waliopewa fiziotherapia. Tofauti ilikuwa kama pointi 7 kwenye kipimo cha hali ya nyonga chenye pointi 100, na makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwa mtu anayelala vizuri na kwenda kazini bila shida, pointi hizo hazitoshi kumpeleka kwenye magongo na miezi ya kujiuguza.

Miezi mitatu ikipita na maumivu yakawa yaleyale, au nyonga ikaanza kukwama katikati ya hatua, hapo ningemwona daktari wa mifupa. Swali langu la kwanza lingekuwa hali ya gegedu, maana likiwa limeshalika sana, kuchonga ile nundu mara nyingi hakuleti nafuu iliyotarajiwa.