Mary Earps na benchi alilolikataa

Mei 27, 2025, zikiwa zimebaki kama wiki tano Euro ya wanawake ianze Uswisi, kipa Mary Earps alitangaza kuachana na timu ya taifa ya England. Miaka 32, mechi 53, na hakuwa majeruhi. Kocha Sarina Wiegman hakuficha kwamba amesikitika, kwa sababu alimtaka kikosini. Kumtaka kikosini, lakini, si kumtaka langoni. Nafasi ya kipa namba moja ilikuwa imeshahamia kwa Hannah Hampton wa Chelsea, ambaye Earps amemzidi zaidi ya miaka saba.

Wanaomlaumu kwa kuondoka wana hoja, tena si ya kubeza. Wiegman alikwenda Uswisi na makipa wa akiba wawili, Anna Moorhouse na Khiara Keating, ambao wote walikuwa hawajawahi kuidakia timu ya wakubwa hata mechi moja. Sasa rudi kwenye robo fainali dhidi ya Sweden, Julai 17 mjini Zürich. England wametoka nyuma kwa mabao mawili, ni 2-2, mechi inakwenda kwenye matuta. Hampton anavuja damu puani, tundu moja limezibwa. Alidaka penalti mbili na England wakapita. Lakini kama ile damu ingekataa kukatika, anayeingia langoni kwenye matuta ya robo fainali angekuwa mtu asiye na mechi hata moja ya kimataifa. Usiku wa namna hiyo ndio unaohitaji mtu kama Earps pembeni.

Upande wa pili unaanzia kwenye lile benchi lenyewe. Mshambuliaji akianzia nje bado ana matumaini. Michelle Agyemang na Chloe Kelly waliibeba England katika mashindano hayohayo wakitokea benchi. Kipa hana bahati hiyo. Mwenzake asipoumia au kula kadi nyekundu, mwezi mzima utakwisha akipasha misuli tu. Na Earps alishapita huko: Kombe la Dunia la 2019 kule Ufaransa alikwenda kama kipa wa tatu, akarudi bila kucheza hata dakika moja. Novemba mwaka huohuo akadaka mechi waliyofungwa 2-1 na Ujerumani pale Wembley, mbele ya watazamaji zaidi ya 77,000, kisha simu ikanyamaza kwa karibu miaka miwili. Mwenyewe amesimulia kwamba alifika hatua ya kufikiria kuacha mpira kabisa. Sikumbuki kelele za uzalendo wakati ule. Kocha akimwacha mchezaji tunaita uamuzi wa kiufundi, mchezaji akimwacha kocha inakuwa usaliti.

Wiegman ndiye aliyemfufua, Septemba 2021. Yaliyofuata yanajulikana: ubingwa wa Ulaya 2022, naye akacheza juu ya meza katikati ya mkutano wa kocha na waandishi, tuzo ya FIFA ya kipa bora mara mbili mfululizo, halafu fainali ya Kombe la Dunia 2023 mjini Sydney, alipoidaka penalti ya Jenni Hermoso na kupiga ukelele ambao hata asiyejua kusoma midomo aliuelewa, na hapa hauandikiki. Walifungwa 1-0 na Hispania, glavu ya dhahabu akabaki nayo. Kipindi hichohicho aliibana Nike hadharani kwa kutouza jezi ya kipa, ombi la mashabiki likavuka saini 150,000, na kampuni ikasalimu amri. Mtu wa kariba hiyo kukataa kuwa akiba hakukunishangaza.

Hampton naye akatwaa Ulaya. Kwenye fainali mjini Basel alidaka tena penalti mbili, dhidi ya Hispania ileile. Tangu hapo wapo wanaosema kwamba Earps hakuhitajika, na wapo wanaosema alikimbia ushindani. Hao wote wanahukumu uamuzi wa Mei kwa matokeo ya Julai.

Kilichomharibia Earps ni Novemba, kitabu chake kilipotoka. Baada ya Euro ya 2022 Hampton aliachwa nje ya timu huku magazeti yakiandika kuhusu mwenendo wake. Earps anaeleza kwamba alimwambia Wiegman kuwa kumrudisha ni kuzawadia tabia mbaya. Huenda ana ukweli wake, aliishi nao kambini, sisi hatukuwapo. Lakini mpaka siku hiyo alikuwa kipa anayeijua gharama ya benchi na kukataa kuilipa mara ya pili. Sasa anasomeka kama mtu aliyeshindwa hoja na kocha, kisha akaamua kuondoka, na msichana aliyetoka kutwaa ubingwa ndiye aliyebaki kujibu maswali. Hapo simtetei.

Kwa lile la makipa wa akiba wasio na uzoefu, hata hivyo, mzigo wote si wake. Tangu atangaze kuondoka hadi Euro ianze, England walicheza na Ureno, na Hispania, na Juni 29 wakaifunga Jamaika 7-0 mjini Leicester. Saba bila, mechi ya kirafiki, siku chache kabla ya mashindano. Moorhouse na Keating hawakupewa hata dakika moja, na mwenye kupanga kikosi siku hiyo alikuwa Wiegman.