Wimbo wa Machozi Ulioitwa kwa Jina la Chakula

Tarehe 15 Juni 1963, wimbo ulioimbwa kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard nchini Marekani, ukadumu hapo kwa wiki tatu. Mwimbaji wake, Kyu Sakamoto, alikuwa kijana wa miaka 21. Wamarekani waliununua kwa jina la "Sukiyaki", yaani chakula cha Kijapani cha nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba na kupikwa pamoja na mboga. Katika wimbo wenyewe hamna nyama wala mlo wowote. Jina lake la asili ni "Ue o Muite Arukō", maana yake "nitembee nikitazama juu", na anayeimba anatazama juu ili machozi yake yasidondoke.

Je, watu waliounyanyua wimbo huu hadi kileleni waliupenda wenyewe, au walipenda kivuli chake?

Wanaoitetea biashara ya wakati ule wana hoja ambayo siidharau. Jina la "Sukiyaki" lilitoka Uingereza, ambako bendi ya jazi ya Kenny Ball ilikuwa imepiga muziki wake bila maneno, na kampuni ya santuri ya Pye ilihofu kwamba jina la Kijapani lingewashinda watangazaji na wanunuzi. Santuri ambayo mteja hawezi kuitaja dukani ni vigumu kununuliwa. Zaidi ya hayo, uzuri mwingi wa wimbo huu haukai katika maneno. Lahani ya Hachidai Nakamura inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, karibu ya furaha, huku sauti ya Sakamoto ikikatika katikati ya irabu kama ya mtu aliyekabwa na kilio. Kisha inafika sehemu ambapo maneno yanakoma na yeye anapiga mluzi. Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi, na naamini hakuna aliyehitaji mkalimani kutambua kwamba huyu ni mtu mpweke anayejikaza usiku. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa Kilingala bila kukijua Kilingala hatuwezi kusema kwamba mapenzi ya namna hiyo ni ya uongo.

Hata hivyo, kuna kilichopotea, na si kidogo. Mtunzi wa maneno, Rokusuke Ei, aliyaandika akiwa na majonzi ya kushindwa kwa maandamano ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama ulioruhusu majeshi ya Marekani kuendelea kuwapo Japani. Hakuutaja mkataba huo popote, na huenda ndiyo sababu kila aliyefiwa au kuachwa anaweza kuuona wimbo huu kuwa wake. Lakini huzuni iliyozaliwa kwa sababu ya Marekani ilirudi Marekani ikiwa imevikwa jina la chakula cha mgahawani, na msikilizaji hakuachiwa hata dalili ya kumfanya aulize. Mwaka 1981 kundi la A Taste of Honey liliutoa upya kwa Kiingereza, kwa maneno mapya ya mapenzi yaliyovunjika, na jina likabaki lile lile la chakula.

Hapa ndipo mfano wetu wa Kilingala unapogeuka kuwa ushahidi wa upande wa pili. Franco, mwanamuziki wa Kongo, alipotoa "Mario" katika miaka ya 1980, wengi wetu hatukuyaelewa maneno, lakini jina lilifika kama lilivyo. Tukauliza Mario ni nani, tukaambiwa ni kijana anayelelewa na mwanamke tajiri, na leo "marioo" ni neno la Kiswahili. Jina lililoachwa mahali pake lilitufungulia mlango wa maana. "Sukiyaki" liliufunga, kwa kuwa kila mtu alidhani tayari anajua linahusu nini. Kwa hiyo siwalaumu wasikilizaji wa 1963, kwani masikio yao yalisikia sawasawa. Nawalaumu waliowauzia, kwa sababu tafsiri fupi ya jina ingetosha kabisa kwenye lebo ya santuri.

Sakamoto alifariki tarehe 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege iliyoua watu 520. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami, Wajapani waliuimba tena wimbo wake kufarijiana, na waliuita "Ue o Muite Arukō".