Mtoto akichelewa kuongea: kumsubiri au kuanza?

Mtoto ana miaka miwili na maneno yake bado yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bibi anasema hakuna shida, hata baba yake alichelewa, na leo nani anaweza kumnyamazisha? Shangazi anasema mpelekeni hospitali kesho asubuhi, ubongo haungoji mtu. Mama anawasikiliza wote wawili. Akienda kuuliza kliniki, huenda akajibiwa: "Mwangalie kwanza, urudi baada ya miezi sita."

Ubishi huo hauishii nyumbani. Wataalamu wa ukuaji wa watoto wanabishana vilevile, ila wao wana tafiti mkononi. Kuna wanaotaka huduma zianze mara dalili inapoonekana: tiba ya usemi, mazoezi ya viungo, tiba kazi (mazoezi ya shughuli za kila siku), vifaa vya kusikia, mafunzo kwa mzazi. Na kuna wanaoonya kwamba watoto wengi waliochelewa kidogo huja kuwafikia wenzao bila msaada wowote, na kwamba kuwasukuma wote kliniki kuna gharama ambayo mtu fulani ataibeba. Mimi naegemea kwenye kuanza. Ila sababu zangu si zile zinazotajwa sana, na siungi mkono kila kinachouzwa kwa jina la tiba.

Nianze na mahali ambapo ubishi haupo. Mtoto anayezaliwa na upungufu wa homoni ya tezi thairoidi akianza dawa ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa kawaida akili yake hukua vizuri. Akicheleweshwa kwa miezi, kuna madhara ambayo hayatarudi nyuma hata apewe dawa gani. Uziwi nao uko hivyohivyo. Wataalamu wa masikio hufuata kanuni ya 1-3-6: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Utafiti uliofanyika jimbo la Colorado, Marekani, na kuchapishwa 1998 ulionyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, awe kiziwi kabisa au mwenye usikivu hafifu.

Mtindio wa ubongo, tatizo la ubongo linalovuruga mwendo na mkao wa mwili, umeingia kwenye kundi hili miaka ya karibuni. Zamani ilikuwa kawaida kusubiri mpaka mtoto afikishe mwaka mmoja au miwili ndipo daktari alitaje jina la tatizo. Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu lilionyesha kwamba, kwa watoto wengi walio kwenye hatari, inawezekana kujua kabla ya miezi 6. Mojawapo ya vipimo vyake haina sindano wala mashine kubwa. Mtoto mchanga analazwa chali akiwa macho na ametulia, anarekodiwa video kwa dakika chache, kisha mtu aliyefunzwa anatazama jinsi mikono, miguu na shingo vinavyojinyonganyonga. Katika umri wa miezi mitatu hivi kuna vijimwendo vidogo vidogo vinavyopaswa kuonekana mwili mzima. Visipoonekana, mtoto huyo hahitaji kusubiriwa.

Shida inaanza pale ushahidi huu unapoazimwa kutetea mambo mengine. Kwenye makongamano na vipeperushi vya kliniki utakutana na masimulizi mawili yanayopendwa. La kwanza ni la Bucharest, Romania, ambako kuanzia 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Baadhi walipelekwa kwa familia za malezi, na waliohamishwa kabla ya umri wa miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa. La pili ni la Kingston, Jamaica: watoto 129 wenye udumavu, baadhi yao wakitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu aliyemfundisha mama kucheza na mwanawe. Miaka 20 baadaye kipato cha waliopata michezo hiyo kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao ambao hawakuipata.

Ni kazi nzuri sana, tena nadra. Lakini zinahusu watoto walionyimwa kitu, ama mlezi wa karibu, ama lishe na kuchangamshwa. Mtoto aliyeshiba, anayependwa, anayechekeshwa na ndugu zake kutwa nzima na bado haongei, ni habari nyingine. Kumwonyesha mama yake picha za vituo vya Romania ili alipie vipindi vinne vya tiba kwa wiki ni kumtisha, si kumshauri.

Hata ule msemo kwamba ubongo unajengwa kabla ya miaka mitatu umetiwa chumvi. Miaka ya mwanzo ina uzito wa pekee, hilo sibishi. Ila lugha haifungiwi mlango siku mtoto anapotimiza miaka mitatu. Nchini Marekani huduma za watoto wadogo huhama mikononi mwa mfumo mmoja kwenda kwa mwingine katika umri huo kwa sababu sheria iliyopitishwa 1986 iliuchora mstari hapo. Ni mpaka wa kiofisi, na wazazi wengi wameuchukua kama mpaka wa mwili.

Sasa twende kwa wanaosema subirini. Hoja yao ya kwanza ni kwamba ukuaji wa kawaida una upana mkubwa kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha vipimo vyake vya ukuaji wa viungo mwaka 2006, umri wa kutembea bila kushikwa ulianzia miezi 8.2 hadi 17.6, na wote hao ni watoto wenye afya. Asilimia 4.3 hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Walisimama tu, wakatembea. Kwenye usemi nako, sehemu kubwa ya watoto wa miaka miwili wenye maneno machache, lakini wanaoelewa wanachoambiwa na hawana tatizo jingine, hufikia kiwango cha kawaida wanapokaribia kuanza shule. Bibi ana ushahidi wake.

Kuna pia kikosi kazi cha Marekani kinachochunguza kama kuwapima watu wasio na dalili kuna faida. Mwezi Januari 2024 kilirudia msimamo wake kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama kuwapima usemi watoto wote wa miaka mitano kushuka chini kuna faida kuliko madhara. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyohiyo kinashauri kila mtoto apimwe ukuaji akiwa na miezi 9, 18 na 30, na apimwe usonji (autism, tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano na uhusiano na watu) akiwa na miezi 18 na 24. Wanasoma tafiti zilezile na wanafika sehemu tofauti. Lakini kuna jambo ambalo wanaoshangilia msimamo wa kikosi kazi hulipita haraka: unahusu watoto ambao hakuna aliyewatilia shaka. Mama aliyekaa na mwanawe miezi 24 na akasema "kuna kitu hakiko sawa" hayumo. Wasiwasi wa mzazi wenyewe ni dalili, na si dalili ndogo.

Orodha za hatua za ukuaji nazo zina mvutano wake. Mwaka 2022 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilibadilisha orodha yake. Awali hatua nyingi ziliwekwa kwenye umri ambao nusu tu ya watoto wameshaifikia. Matokeo yake nusu nyingine ilionekana imechelewa, na daktari akawa na kila sababu ya kusema subiri. Sasa hatua huwekwa kwenye umri ambao watoto 75 kati ya 100 wameifikia, ili anayekosa achukuliwe hatua bila longolongo. Kutambaa kuliondolewa kabisa. Lengo lilikuwa kupunguza kusubiri. Lakini kusema maneno kama 50 kuliwekwa kwenye miezi 30, na baadhi ya wataalamu wa tiba ya usemi waliozoea kuyatazamia maneno hayo kwenye miezi 24 walilalamika kuwa kwa watoto fulani kusubiri kumeongezwa. Mabadiliko yaleyale, lawama za pande zote mbili.

Hoja nzito zaidi ya wanaosubiri, kwa maoni yangu, ni ya foleni. Makadirio yaliyochapishwa 2018 yalihesabu watoto milioni 52.9 walio chini ya miaka mitano wenye ulemavu wa ukuaji, na asilimia 95 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wataalamu ni wachache mno. Ukimsukuma kila mtoto aliyechelewa kidogo kwa mtaalamu wa usemi, atakayekaa nje benchi ni yule asiyeongea kabisa. Na kwa kawaida anayekaa benchi ni wa familia isiyo na pesa wala mtu wa kumpigia simu.

Halafu kuna suala la wingi wa tiba. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas alichapisha matokeo ya watoto 19 wenye usonji waliofundishwa saa 40 kwa wiki. Tisa kati yao, alisema, walifikia kiwango cha kawaida. Watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, lakini namba ile 40 ikaota mizizi, na mpaka leo kuna familia zinazouza mali kuitafuta. Uchambuzi uliochapishwa 2024 ulijumlisha tafiti 144 zenye watoto zaidi ya 9,000 na haukupata ushahidi wa kuaminika kwamba saa nyingi zaidi huleta matokeo bora zaidi. Watu wazima wenye usonji nao wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba baadhi ya mafunzo hayo yaliwafundisha kuficha walivyo, wakaitwa wamepona. Mtoto wa miaka mitatu kufanyishwa kazi kwa saa za mtu aliyeajiriwa! Hapa nasimama na wanaotilia shaka bila kusita.

Kwa nini basi naegemea kwenye kuanza? Kwa sababu "kuanza" si lazima kumaanishe saa 40, wala kliniki ya gharama, wala kumbandika mtoto jina. Australia walijaribu jambo hili kwa watoto wachanga 103 walioonyesha dalili za awali za usonji wakiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Hakuna aliyesubiri uthibitisho wa daktari. Wazazi wa nusu yao walipata vipindi 10 ambamo walirekodiwa wakicheza na mtoto, kisha wakaitazama video pamoja na mtaalamu. Watoto walipofikisha miaka mitatu, waliothibitishwa kuwa na usonji walikuwa asilimia 6.7 kwenye kundi hilo, na 20.5 kwenye kundi lililopata huduma za kawaida. Ni utafiti mmoja, tena mdogo, na siusomi kama tiba ya usonji. Ninachokiona ni kwamba msaada ulitangulia jina, na hakuna aliyedhurika.

Ukitazama kipindi cha namna hiyo kwa karibu hutaona miujiza. Mama ameshika kichupa cha mapovu ya sabuni. Anapuliza, mtoto anacheka. Anauliza "tena?" na kabla ya sekunde mbili kwisha ameshapuliza tena. Video inapochezwa, mtaalamu anaisimamisha hapo na kumwomba atazame mdomo wa mtoto: umeanza kufunguka. Safari ya pili mama anafunga kifuniko, anamtazama mtoto, ananyamaza. Sekunde tano, saba, tisa. Mtoto anamtazama machoni, anagusa kichupa, anatoa sauti. Mama anapuliza papo hapo. Hilo zoezi halihitaji shahada kulirudia jioni kwenye beseni la kuogea, na mtoto ambaye angeongea mwenyewe bila msaada hapotezi chochote kwa kuchezeshwa hivyo.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyojengwa juu ya wazo hilohilo: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vikiongozwa na watu wasio wataalamu baada ya kufunzwa. Huku ndiko hoja ya foleni inakopata jibu, angalau nusu.

Kabla sijasahau, kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa wepesi na unaoniudhi: kwamba mtoto anayechelewa kuongea nyumba ya lugha mbili aachishwe moja. Lugha mbili hazisababishi tatizo la usemi. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Ukimwachisha ile ambayo mama anaimbia na kugombezea, umempunguzia mazungumzo.

Kusubiri kwa macho makavu nakukubali kwa mtoto mmoja tu: anayeelewa anachoambiwa, ananyoosha kidole kukuonyesha vitu, anacheza kwa kuigiza, anasikia vizuri kwa kipimo na si kwa kukisia, na anaongeza angalau neno jipya kila mara. Huyo arudi baada ya miezi mitatu, si sita, na mzazi aondoke na mazoezi ya kufanya. Akirudi bila kusogea, aingie kwenye orodha. Lakini aliyekuwa na maneno akayapoteza, asiyegeuka kwa sauti, asiyeonyesha kidole hata baada ya mwaka na nusu, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, apitishwe mbele ya foleni siku hiyohiyo, hata kama bibi ana mifano kumi ya watu waliochelewa wakaja kuwa wasemaji wakubwa.