Zimamoto hawakuja

Kwanza nisafishe jina. Zimamoto hawakuja. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, jamaa anasimulia nilivyoiharibu jibini kwenye oveni huku anacheka mpaka anakohoa, hapo anaposema zimamoto walikuja kaongeza chumvi mwenyewe. Mengine yote ni kweli, ndiyo maana nayaandika haraka kabla hajatoa sehemu ya pili.

Mchana tulipanda ngome ya Besançon, mji wa mashariki mwa Ufaransa, ile aliyoichora Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme Louis XIV, juu mlimani, mto Doubs ukiuzunguka mji wa zamani huko chini karibu duara zima. Kwenye handaki la ngome walikuwa wamefuga nyani. Mtoto wa Morogoro mimi, niliyekua nikiwatupia mawe shambani, nimelipa kiingilio kwa euro kuwaangalia. Mmoja akanikazia macho. Chekeni hapo kidogo, mbele ni aibu tupu.

Jioni mama mwenyeji wangu alikuwa na wageni, wazazi wake, akaniruhusu nimwalike mwenzangu wa darasani, Mkongo wa Bukavu (ndiye huyo mwenye sauti). Chakula chenyewe ni Mont d'Or. Kwa msioijua: ni jibini ya maziwa mabichi ya ng'ombe kutoka milima ya Haut-Doubs, mpakani na Uswisi, huuzwa kuanzia Septemba 10 hadi Mei 10 tu, imefungwa ukanda wa gome la mti, ndani ya kiboksi cha duara cha mbao nyembamba. Huikati kwa kisu, unaichota kwa kijiko. Na wakati wa baridi huingizwa oveni pamoja na kiboksi chake.

Mama aliniachia jiko akaenda kuwachukua wazee. Maelekezo yake: toa mfuniko, lowesha kiboksi kwa maji, kizungushie karatasi ya alumini chini na ubavuni. Toboa shimo katikati, mimina mvinyo mweupe wa Jura, eneo la jirani, kama nusu glasi, chomeka vipande vya kitunguu saumu. Oveni nyuzi 200, dakika 25 hadi 30, trei ikae chini. Viazi vichemshwe na maganda yake.

Viazi nilichemsha. Shimo, mvinyo, saumu, safi. Alumini ilikuwa imebaki kipande cha kufungia andazi. Nikajiambia, kiboksi chenyewe si mti huu? Umeibeba jibini tangu kiwandani, utashindwa nusu saa? Maji nikaona yatalainisha bure. Trei nikaona inaziba joto, nikaitoa.

Sasa mafundi nisikilizeni. Ubavu wa kile kiboksi ni ukanda wa mbao uliobanwa kwa pini za stepla, basi. Kwenye joto kavu mbao husinyaa, pini zinalegea, na wakati huohuo jibini imeshakuwa uji. Maji na alumini havikutajwa kwa urembo.

Wageni wameshakaa. Bibi kashatandika kitambaa mapajani. Nafungua oveni: juu imepata rangi ya dhahabu, inatokota polepole, nzuri kweli kweli. Nikawageukia nikasema «Voilà!» kwa lafudhi niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nikavaa glavu, nikashika ubavu kwa mikono miwili, nikainua.

Likainuka duara.

Duara tu. Kitako cha kiboksi kimebaki kwenye waya wa oveni. Jibini ikakaa wima kidogo, imeshikwa na ukanda wake wa gome, inatafakari. Kisha gome nalo likaachia. Ukaanza ulimi mmoja mnene upande wa kushoto, ukashuka kwenye waya, ukagawanyika mara tatu, ukafika sakafu ya oveni: tsssss. Halafu kulia. Kipande cha saumu kikapita mbele ya macho yangu kinaelea, hakina haraka. Nami nimesimama na lile duara mikononi kama dereva aliyeng'oa usukani gari likiwa mwendoni. Nyuma yangu kimya. Moshi. King'ora cha darini. Ndipo nikasikia Kiswahili cha Bukavu, kwa utulivu kabisa: «Ndugu yangu, chakula inakimbia.»

Babu akafungua madirisha, Februari hiyo, tukala na makoti. Mama akachota iliyobaki kwenye kitako. Bibi hakungoja mtu, akachoma kiazi kwa uma, akapangusa nacho mlango wa oveni, akasema iliyoungua ndiyo tamu. Kesho yake nikasugua kwa magadi na siki, yakaisha.

Yangekwisha, kama si ile sauti. Mnaouliza kama ule ukanda wa gome unaliwa: hauliwi. Kazi yake ni kuishika jibini na kuipa harufu ya msituni, ukishakula unauweka pembeni ya sahani. Nalisema hili kwa sababu kuna bwana mmoja wa Bukavu aliutafuna wote, akameza, akamwambia mama mwenyeji kwamba nyama ni ngumu kidogo lakini imekolea viungo. Hilo kwenye sauti yake halimo.