Benchi la P2 Halina Adabu

Kwa kuwa ticha wa P3, yaani darasa la tatu la msingi, ameshasambaza toleo lake la siku mkaguzi alipokuja darasani kwangu P2 kwenye grupu la walimu, na sasa mpaka Busia ya upande wa Kenya wanaamini nililia, acha nisimulie mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa vumbi la chaki.

Mtaala wetu wa Uganda unataka P1 hadi P3 wasome kwa lugha ya nyumbani. Busia hii, nyumba moja Kisamia, ya jirani Kiteso, sokoni Kiswahili. Halafu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima, msingi na sekondari, na sisi tuliokua tukibishania bei ya nyanya kwa lugha hiyo tukageuka wataalamu ghafla. Ndiyo maana mkaguzi alipotokea, hedimasta alisema, "Mpelekeni P2. Ticha atawasomea hadithi."

Hadithi ya fisi na mbuzi. Sasa, watoto wangu sitaki waimbe tu ba-be-bi-bo-bu. Kabla ya kufunua ukurasa nawauliza: nini kitafuata? Na unajuaje? Sharti waonyeshe ushahidi. Mtoto akishabashiri, hatulii mpaka ajue kama alipatia, na hapo ndipo kitabu kinapomnasa. (Ninyi mnaosema napoteza muda, subirini kidogo.)

Darasa limejaa mpaka dirishani, wa nyuma hawaoni picha. Nikapanda benchi. Mguu huku, mguu kule, kitabu juu, sauti ya fisi: "Mbuziii, fungua mlangooo!" Kimya. Mkaguzi kaacha kuandika. Moyoni nikasema, leo napandishwa cheo.

"Nini kitafuata?"

Kidole kimoja, mstari wa mbele. Mtoto ambaye tangu muhula uanze hajajibu swali lolote.

"Ticha ataanguka."

"Tazama picha, mwanangu. Fisi atafanya nini?"

"Fisi simjui. Ticha ataanguka."

"Unajuaje?" Mazoea, banange! Mdomo uliuliza wenyewe.

"Msumari unatoka."

Nikatazama chini. Msumari ulikuwa unatoka kweli, taratibu, kama mzee anayeaga msibani. Ubao ukainama kushoto. Nikahamia kulia. Ubao nao ukanifuata kulia. Nikasikia *krrr* ya kwanza: benchi. *Krrr* ya pili ilitoka nyuma yangu, kwenye suruali ambayo muuzaji wa soko la Owino, Kampala, aliniapia kwamba ni imara. Mkono mmoja ukaenda kuziba huko nyuma. Wa pili ulikataa kuachia kitabu, maana vitabu vyenyewe tunavihesabu. Wa kushika ukuta haukupatikana.

Bado niko hewani, nasikia sauti ndogo ikisema, "Nilisema."

Nilipofika sakafuni darasa zima likapiga makofi. Msiwalaumu. Nimewafundisha mwenyewe kwamba aliyebashiri sawa hupigiwa makofi. Yule mtoto akasimama kuyapokea. Mkaguzi naye akapiga. Mimi kifudifudi, bukta nyekundu ya timu fulani ya London iko hadharani. Mashabiki wenzangu, mnajua aibu sisi tumeizoea.

Pini zikatafutwa, sweta la hedimasta likafungwa kiunoni mwangu, mkaguzi akaandika alichoandika, sitaki maswali. Jioni kila nyumba ilisimuliwa kwa utaratibu safi, mwanzo, kati na mwisho, kwa sababu hilo nalo nimewafundisha mimi. Muuza chapati aliniuliza suruali ilipasukia ukurasa wa ngapi.

Tangu hapo P2 hawatoki nje mapumziko. Wanagombania kile kitabu, na yule bubu wangu ndiye anayewasomea wenzake. Leo ticha wa P1 kaja kukiazima, anasema watoto wake wamemsumbua. Nikampa kwa fahari.

Kafika mlangoni, kageuka. "Na benchi?"