Wenye asilimia 35 ya EABL wanastahili kuonyeshwa hesabu

Tangu Diageo, kampuni ya vinywaji ya Uingereza, itangaze, mwezi Desemba 2025, kwamba inaiuzia Asahi ya Japani hisa zake za EABL, kampuni ya bia ya Afrika Mashariki inayotengeneza Tusker, ambazo ni asilimia 65 ya kampuni hiyo, pamoja na hisa zake katika UDV Kenya, kwa takriban dola bilioni 2.3, yameandikwa mengi kuhusu Tusker kupata mwenyewe mpya, kuhusu ajira za Ruaraka na kuhusu Wajapani kuingia Afrika Mashariki. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini katika habari nyingi nilizosoma sikuona mwandishi aliyerudi nyuma hadi Machi 2023, wakati Diageo hiyo hiyo ilipokuwa upande wa mnunuzi, ikichukua hisa milioni 118.4 kutoka kwa wanahisa wengine wa EABL kwa shilingi 192 kila moja ili ipandishe umiliki wake kutoka nusu ya kampuni hadi asilimia 65. Ni jambo linalonikera sana, kwa sababu habari hizo mbili ni habari moja, na anayezisoma kwa kuzitenganisha hawezi kuelewa kilichotokea kati yake.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Asilimia 65 ya EABL ni hisa zinazozidi kidogo milioni 500. Dola bilioni 2.3, kwa kiwango cha shilingi kama 129 kwa dola, zinakaribia shilingi bilioni 300. Ukigawanya, unapata bei inayozidi shilingi 550 kwa hisa. Ni kweli kwamba mgawanyo huo hauwezi kuachwa hivyo, kwa kuwa sehemu ya fedha hizo ni malipo ya UDV, kampuni ya vinywaji vikali ambayo Diageo iliimiliki kwa zaidi ya nusu bila kupitia EABL. Basi ondoa theluthi nzima ya fedha hizo na uiite ya UDV. Bado unabaki na bei ambayo ni takriban maradufu ya ile shilingi 192, na kati ya ununuzi wa kwanza na tangazo la mauzo haikupita hata miaka mitatu.

Sisemi kwamba Diageo ilivunja sheria. Ofa ya 2023 ilipitia Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, msimamizi wa soko la hisa nchini, ilitangazwa, kila mwanahisa alipewa bei ile ile na hakuna aliyelazimishwa kuuza. Ninachosema ni kwamba namna ofa ile ilivyoelezwa kwa umma, na namna karibu kila ofa inavyoelezwa katika soko letu la Nairobi, inamwacha mwanahisa mdogo akiwa na kipimo kibovu mkononi. Kipimo hicho ni bei ya jana. Habari huandikwa hivi: hisa ilikuwa ikiuzwa kwa kiasi fulani, mnunuzi anatoa kiasi fulani, kwa hiyo wanahisa wamepata nyongeza ya asilimia thelathini au arobaini. Kuanzia hapo nyongeza hiyo inatajwa kama fadhila, na anayesita kuuza anaonekana mtu asiyejua kushukuru.

Lakini bei ya jana katika soko letu imetokana na nini? Tukumbuke hali ilivyokuwa mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Dola zilikuwa adimu katika mabenki. Wawekezaji wa kigeni, ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa hisa kama za EABL na Safaricom, walikuwa wakitoka kwa haraka, na wakati mwingine wakisubiri muda mrefu ili wapate fedha zao kwa dola. Riba za hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huichukua kwa wawekezaji, zilikuwa zikipanda, mwendo ambao hatimaye ulitufikisha Februari 2024, Benki Kuu ilipotoa hati fungani ya miundombinu kwa zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi. Katika mazingira hayo, bei ya hisa ya kampuni ya bia ilikuwa ikipima uhaba wa dola na haraka ya mgeni anayetaka kuondoka. Haikuwa ikipima ni chupa ngapi za bia zitauzwa Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ishirini ijayo. Anayenunua kwa kuongeza theluthi au zaidi juu ya bei ya namna hiyo ni sawa na anayenunua ng'ombe wakati wa kiangazi kikali kwa kuongeza kidogo juu ya bei ya mnada. Ameongeza kweli, lakini juu ya bei ambayo mvua ikinyesha hakuna atakayeikubali.

Na mnunuzi wa ndani, yule ambaye tayari anaiongoza kampuni, anajua mengi kuliko mwanahisa wa Nyeri au Kisumu. Anajua mipango ya uwekezaji, mikataba ya chapa, kodi zinazotarajiwa, na anajua kama yeye mwenyewe ana nia ya kubaki au ya kuondoka.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua uko hapa Pwani. Mwaka 2013, REA Trading, iliyokuwa tayari ikimiliki zaidi ya nusu ya Rea Vipingo, kampuni ya mashamba ya mkonge, ilitoa ofa ya shilingi 40 kwa hisa ambazo sokoni zilikuwa chini ya shilingi 30. Kwa kipimo cha bei ya jana, ofa ile ilikuwa nzuri mno, na kama mambo yangeishia hapo tungeambiwa hadi leo kwamba wanahisa walipata neema. Ila mambo hayakuishia hapo. Centum, kampuni ya uwekezaji ya Nairobi, ilijitokeza na shilingi 50, wakaanza kupandishiana, na kufikia mwisho wa kesi, malalamiko na mazungumzo, bei ilikuwa imefika shilingi 85. Katika kipindi hicho mkonge haukugeuka kuwa dhahabu, na mashamba ya Vipingo, Kibwezi na Amboni kule Tanga yalibaki pale pale yalipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba alijitokeza mtu wa pili aliyesoma vitabu vya kampuni na kuona kuwa ardhi iliyo kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi haiwezi kuthaminiwa kama shamba la mkonge tu. Katika makubaliano ya mwisho Centum ilijiondoa kwenye kinyang'anyiro na ikaondoka na zaidi ya ekari 10,000 za ardhi hiyo ya Vipingo. Bila mshindani yule, wanahisa wadogo wangeuza kwa chini ya nusu ya bei waliyoipata hatimaye, na wangeondoka wakiamini wamependelewa.

Kwa Bamburi, kampuni ya saruji, mshindani alikuja, akaondoka. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitoa ofa ya shilingi 65, wakati hisa ilikuwa takriban shilingi 45. Savannah Clinker ikaja na shilingi 70, kisha ikapandisha hadi 76.55, na mwezi Desemba ikajiondoa, ofa ya 65 ikabaki peke yake na ikakubaliwa na wenye zaidi ya asilimia 96 ya hisa. Nakiri kwamba nilifurahi kuona kampuni ya Dar es Salaam ikimnunua mkubwa wa saruji wa Kenya kutoka kwa Holcim ya Uswisi, na kwamba sina ushahidi kuwa 65 ilikuwa bei ya dhuluma. Kilichonikasirisha ni hoja iliyorudiwa wiki baada ya wiki kwamba bei lazima iwe ya haki kwa kuwa hata Holcim, mwenye asilimia 58.6, ameikubali.

Hoja hiyo ni dhaifu, na naomba nieleze kwa nini, maana itarudi tena katika kila ofa ijayo. Holcim haikuuza Bamburi kwa sababu iliipima Bamburi na kuona kwamba shilingi 65 ndiyo thamani yake. Holcim ilikuwa ikiondoka katika nchi nyingi za Afrika kwa mkakati wake wa dunia nzima. Kiwanda chake cha saruji cha Hima, Uganda, kilikuwa kimeshauzwa kabla, na mwezi ule ule wa Desemba 2024 Holcim ilitangaza kuuza hisa zake za Lafarge Africa ya Nigeria kwa Huaxin ya China. Kampuni kubwa inapoamua kuhama bara, inachotafuta ni mnunuzi wa uhakika, malipo ya haraka na usumbufu mdogo, na inaweza kuacha fedha mezani ili ipate hayo. Mwanahisa mdogo wa Mombasa hahami. Hana mkakati wa dunia nzima. Hisa zake ni akiba ya ada za shule au ya uzeeni, na uamuzi wa mtu aliye na sababu zake Uswisi hauwezi kuwa ushahidi wa thamani kwa mtu aliye na sababu zake Kisauni. Hisa hiyo hiyo ya Bamburi ilikuwa imevuka shilingi 200 mwaka 2013. Huenda isingefika huko tena, lakini taarifa iliyotaja nyongeza ya asilimia 44 ilipaswa pia kumkumbusha msomaji safari hiyo ya miaka kumi, halafu imwache aamue.

Ni lazima nikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba waliouza EABL kwa 192 hawakuonekana wajinga kwa muda mrefu. Kufikia mwisho wa 2023 hisa ilikuwa imeshuka hadi chini ya shilingi 120, na aliyeuza akaweka fedha zake katika hati fungani alikuwa akila riba nono huku aliyebaki akihesabu hasara. Fedha taslimu ni fedha. Mtu mwenye mgonjwa hospitalini au kiwanja cha kumalizia kulipa ana haki ya kuuza bila kuhubiriwa na mtu kama mimi.

Hata hivyo, anayeuza kwa shida na anayeuza kwa kuchagua wote wanastahili kujua wanachokiuza. Katika ofa moja ya miaka ya karibuni, ambayo sitaitaja kampuni yake, mzee mmoja jirani yangu aliniletea kitabu cha ofa alichopelekewa. Kilikuwa kinene, chote kwa Kiingereza cha wanasheria, na nyuma yake fomu ya kukubali yenye nafasi ya jina, namba ya akaunti ya CDS (akaunti inayohifadhi hisa), idadi ya hisa, akaunti ya benki na sahihi. Nafasi ya kukataa haikuwepo, kwa kuwa anayekataa hahitaji kufanya lolote, lakini hakuna aliyemweleza hivyo, na yeye alidhani kwamba kunyamaza kungemfanya apoteze hisa zote. Maoni ya mshauri huru kuhusu kama bei ni ya haki yalikuwa katika waraka mwingine wa bodi, uliokuja baadaye, na kiwango cha thamani alichokikokotoa mshauri huyo kilikuwa ndani kabisa, baada ya kurasa nyingi za maelezo ya njia alizotumia. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, ardhi ya kampuni wameihesabu wapi?" Tukaitafuta pamoja. Ilikuwa katika mstari mmoja wa jedwali, kwa thamani ya vitabuni, yaani ile iliyoandikwa kwenye hesabu za kampuni, si bei ya soko.

Kwa hiyo ninachokitaka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikilazimishe si kikubwa. Kiwango cha chini na cha juu cha thamani alichokipata mshauri huru kiwe katika ukurasa wa kwanza wa waraka, kwa Kiswahili na Kiingereza, kando ya bei ya ofa. Bei ya hisa ya miaka kumi iwekwe hapo hapo. Ardhi itajwe kwa thamani ya soko. Na kama mnunuzi tayari ndiye mwenye kampuni, atamke kwa maandishi iwapo yuko katika mazungumzo yoyote ya kuiuza, na kama ataiuza kwa bei ya juu ndani ya muda fulani, waliouza kwake walipwe tofauti. Najua wanasheria wa makampuni watasema sharti hilo la mwisho litawafukuza wawekezaji. Sioni ni mwekezaji gani mwenye nia safi atakayekimbizwa nalo.

Kuhusu biashara ya hisa inayonona ghafla siku chache kabla ya tangazo, kama ilivyotokea kwa KenolKobil, kampuni ya mafuta, mwaka 2018 kabla ya ofa ya Rubis ya Ufaransa, hadi Mamlaka ikazuia akaunti za baadhi ya wanunuzi, hilo ni la polisi na mahakama, na nitaliachia hapo.

Sasa turudi kwa Asahi. Kanuni za utwaaji wa makampuni za mwaka 2002 zinamtaka anayechukua udhibiti wa kampuni iliyoorodheshwa awape wanahisa wote ofa, isipokuwa Mamlaka imempa msamaha. Msamaha hutolewa mara kwa mara, na wakati mwingine kwa sababu nzuri, kwa mfano kuokoa kampuni inayozama. EABL haizami. Ikiwa msamaha utatolewa katika biashara hii, naomba sababu zake zichapishwe zote, pamoja na bei kwa kila hisa ya EABL ambayo Diageo inalipwa, ikitenganishwa wazi na malipo ya UDV. Na ikiwa ofa itatolewa, itolewe kwa bei hiyo hiyo, kwa kila mwanahisa wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, maana kampuni hii imeorodheshwa katika masoko yote matatu na asilimia 35 iliyobaki iko mikononi mwa watu wa nchi zote hizo.